Usiku wa magita yanayokwaruza pale Windmill, Brixton: nyota nne, ya tano kaila bendi ya mwisho

Nianze na hukumu kabisa ili wavivu wa kusoma mpate chenu mwondoke. Kama we ni mtu wa mziki laini, wa kukaa na glasi mkononi unatikisa kichwa taratibu, basi Windmill siku za bendi za kelele usiende, utalaani hela yako. Ila kama ulikulia uswahilini Dar, ukawa unalala huku mchiriku unapigwa nyumba ya tatu mpaka alfajiri, spika zimepasuka na kinanda cha Casio kinalia kama mtoto anachomwa sindano, aisee nenda, utajisikia nyumbani kuliko hata wazungu wenyewe.

Kwa wasioijua, Windmill ni baa tu ya kitaa. Iko Blenheim Gardens, kusini mwa London, unashuka steshini ya Brixton ambayo ndo mwisho wa laini ya Victoria, unapandisha Brixton Hill kwa mguu dakika kumi na kitu hivi au unadandia basi 159, afu unakunja kulia kwenye mtaa wa nyumba za watu, kimya, unajiuliza hivi kweli huku kuna shoo? Ipo. Jina limetokana na kinu cha kusagia nafaka kinachoendeshwa na upepo, na kinu chenyewe kipo kweli hapo jirani, kilijengwa 1816 wakati huko bado mashamba, baadaye nyumba zikakizunguka upepo ukawa haufiki vizuri, kikaja kufungwa, siku hizi kimekarabatiwa watu wanaenda kukitembelea. Ukitaka kukiona nenda mapema kabla ya giza.

Ukubwa sasa. Pale chini karibu na steshini kuna Academy, ule ukumbi maarufu unaobeba karibu watu elfu tano, sasa mtu aliyezoea kule akiingia Windmill anadhani kakosea mlango, maana hapa watu 150 ni fulu, hapaongezeki mtu. Steji imeinuka kidogo tu, ukisimama mbele unaweza kusoma maandishi kwenye pedali za mpiga gita, vile vidude vya kukanyaga vya kubadilisha sauti ya gita, na akirusha jasho linakufikia. Zamani kulikuwa na mbwa anakaa juu ya paa, si utani, mbwa mkubwa kabisa kasimama juu ya paa anaangalia wateja wanavyoingia, akawa maarufu kuliko bendi nyingi zilizopiga mle.

Ila usidharau udogo. Humu humu ndo walikotokea Fat White Family, Goat Girl, Shame, Squid, na wale vijana wa black midi ambao albamu yao ya kwanza ya 2019 iliingia kwenye orodha ya kugombea tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka kule Uingereza, na Black Country, New Road nao wakaingia orodha hiyo hiyo na albamu yao ya 2021. Black midi na Squid albamu zao za kwanza zilisimamiwa na prodyuza Dan Carey ambaye studio yake iko Streatham, yaani ukiendelea na barabara ile ile ya Brixton Hill unamfikia. Kwa hiyo kitaa kimoja kina baa ya kujifunzia na studio ya kurekodia, mtoto anapiga Windmill mpaka anaiva afu anashuka na basi kwenda kurekodi. Bongo tuliwahi kuwa na kitu cha namna hiyo, bendi inapiga ukumbini wiki nzima, nyimbo zinanyooka mbele ya watu, ndo wanaenda Radio Tanzania kurekodi zikiwa zimeshaiva, ndo maana zile rekodi hazichuji mpaka leo. Siku hizi wimbo unatoka studio kwanza, jukwaani ndo wanaenda kuutafuta. Haya, nisije nikaanza kulia hapa.

Sasa usiku wenyewe. Ilikuwa Ijumaa, bendi nne, na majina yao siyaweki, nusu yao ni vijana wameanza juzi, sitaki kumharibia mtoto wa watu jina kwa sababu ya usiku mmoja. Nilienda na mshkaji wangu wa Mombasa ambaye ni mtu wa taarab na Bob Marley, nilimwambia tu tunaenda kusikiliza bendi, sikumwambia bendi za aina gani.

Ya kwanza walikuwa watatu, gita, besi na drams, sidhani kama kuna mwenye miaka zaidi ya ishirini. Nyimbo fupi fupi, haraka haraka, mwimbaji anasoma mashairi kwenye simu. Besi ilikuwa juu sana mpaka gita halisikiki, lakini walikuwa wanacheka wenyewe kwa wenyewe na wazazi wao walikuwepo wamesimama nyuma wanapiga picha, we utamkasirikia nani hapo. Wamepita.

Ya pili ndo iliyonifanya niandike hii kitu. Watano, drams, besi, magita mawili na dada mmoja yuko kwenye kinanda, hawakusalimia, hawakusema majina, drams ikaanza ule mdundo ulionyooka, dum dum dum dum haukati kona haupandi haushuki, ule mtindo wa Wajerumani wa miaka ya 70 kina NEU! wa Düsseldorf, afu besi ikaingia na noti mbili tu. Noti mbili! Nikasema hapa tumeuziwa. Dakika ya tatu bado noti mbili. Dakika ya tano nikagundua kichwa changu kinatikisika bila ruhusa yangu, na watu wote mbele yangu wanatikisika pamoja, na kumbe gita la pembeni lilikuwa limeshabadilika kidogo kidogo muda mrefu tu sema limebadilika taratibu hujashtukia.

Mtu aliyekulia na mziki wa dansi hiki kitu anakijua. Nyimbo zetu za Sikinde au Msondo zinaanza pole pole, mashairi, kisa cha mke na mume, mwimbaji anabembeleza, afu katikati ndo linaingia chemko, magita yanashikana, ridhimu inazunguka pale pale haichoki, solo inacheza juu yake, na watu ndo wananyanyuka vitini. Hawa vijana wameruka mashairi wakaanzia kwenye chemko moja kwa moja, wakakaa humo dakika arobaini. Tofauti ni kwamba gita letu ni safi linadondoka noti moja moja, lao wamelipitisha kwenye pedali ya fuzz mpaka linakoroma, lakini kazi ni ile ile. Mpiga ridhimu wao, kijana mwembamba kajiinamia muda wote, ndo alikuwa mwenye bendi, hata kama waliopigiwa makofi ni wengine. Ridhimu siku zote haina mshukuruwe.

Na kwa kuwa nimeitaja fuzz, wadau wa mitambo mtafurahi hii. Ule mkwaruzo ambao leo watu wananunua kwa hela nyingi ulianza kama ubovu. Mwanzoni mwa miaka ya 60 kule Nashville walikuwa wanarekodi wimbo wa Marty Robbins, mwimbaji wa country, mtambo wa studio ukawa na hitilafu, gita la besi likatoka limekwaruza, badala ya kufuta wakaliacha. Mwaka 1962 ikatoka pedali ya Maestro Fuzz-Tone ya kutengeneza ubovu huo makusudi, na 1965 Rolling Stones walipoitumia kila mtu akaitaka. Na sisi tuna wa kwetu, si lazima twende Nashville. Konono N°1 wa Kinshasa walichukua likembe, zile ala za kupiga kwa vidole gumba, wakazitia umeme kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, wakapitisha kwenye spika za kuungaunga, zikakoroma, na mkoromo huo ukawa ndo mziki wenyewe, dunia ikaja kuwajua vizuri 2004 na ile rekodi ya Congotronics. Jagwa Music, wale wa mchiriku wa Dar, hivyo hivyo na vinanda vyao vya Casio. Hakuna aliyewaambia kwamba ile inaitwa saikedeliki, yaani mziki wa kupeperusha akili, walikuwa na mitambo mibovu na sherehe ya kupiga.

Katikati ya bendi ya pili mshkaji wangu kanivuta sikio, "Yakhe, hawa wana pepo au wana njaa?" Nikamwambia wana pedali. Akacheka ila hakuondoka, na nilimwona mguu unapiga chini.

Mapumziko kati ya bendi na bendi ni kama robo saa, kila bendi inatoa vyake inaingiza vyake, ndo muda wa kwenda kaunta. Watu wa mle nilivyowaona ni wa kila aina, vijana wa chuo waliovaa makoti ya bibi zao, na wazee wa miaka sitini wenye tisheti za bendi zilizokufa zamani, hawa wazee husimama nyuma karibu na fundi mitambo, na wana akili, nitawaambia kwa nini. Mbele wanasukumana lakini kwa adabu za Kiingereza, mtu anakurukia afu anakuomba samahani. Dada mmoja alidondosha miwani, duara la watu likajitengeneza hapo hapo mpaka akaipata, afu fujo ikaendelea.

Bendi ya tatu ilikuwa ya hasira. Mwimbaji ni dada, saksafoni moja, gita moja, besi, drams. Saksafoni hapa sahau ile ya dansi ya Orchestra Makassy, hii ilikuwa inapigwa mpaka inapiga yowe, na dada naye haimbi, anaongea, anafoka, mara ananong'ona ghafla bendi nzima imenyamaza unasikia friji ya baa inavuma, afu wanalipuka wote kwa pamoja. Huko kunyamaza ndo kulinishinda. Bendi ya kelele inayojua kunyamaza ni bendi hatari sana. Maneno nilishika nusu, moja lilikuwa la kodi ya nyumba kupanda, London hapo kila mtu alikubali kwa sauti.

Hapa nimpe maua yake fundi mitambo. Kwenye chumba kidogo hivyo tatizo ni moja: drams inasikika yenyewe bila hata maiki, gita lina amplifaya yake nyuma linasikika lenyewe, kitu pekee kinachotegemea spika kubwa ni sauti ya mwimbaji, kwa hiyo kila mpiga gita akiongeza, mwimbaji anazama, ukimpandisha mwimbaji maiki inaanza kupiga mluzi. Fundi mvivu anaacha anasema ni mziki wa kelele bwana. Huyu hakuacha. Wimbo wa kwanza wa bendi ya tatu ulivyoisha alimwashiria mpiga gita ageuze amplifaya iangalie ukutani na apunguze kidogo, kijana kanuna lakini kageuza, na wimbo wa pili dada akasikika kila neno huku kelele iko pale pale. Kitu kidogo hivyo. Wale wazee wa nyuma waliniambia ndo maana wanasimama hapo, fundi anapanga saundi kwa masikio yake, kwa hiyo pale aliposimama yeye ndo pazuri kuliko pote. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya spika usiku wote kama mshamba, kuanzia hapo nikahama.

Masikio jamani. Beba vizibo. Niliiwasha simu ikasoma zaidi ya desibeli 100 pale mbele, simu si mtambo wa kuaminika sana lakini hata ukipunguza bado ni nyingi. Hesabu wanayotumia wataalamu wa afya kazini kule Marekani ni desibeli 85 kwa saa nane, kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu, ukifika 100 umebakiwa na dakika kumi na tano tu. Shoo ni masaa manne. Piga hesabu mwenyewe. Vile vya plastiki laini vya bei rahisi vinaua saundi yote ya juu unasikia besi tupu, tafuta vile vya wanamziki vyenye kichujio, vinapunguza kelele lakini gita linabaki gita.

Bendi ya nne ndo waliokuwa kwenye bango kwa herufi kubwa, saikedeliki yenyewe, moshi, taa za rangi zinazoyeyuka ukutani, mashati ya maua, magita matatu na chini kila mmoja ana ubao wa pedali mrefu kuliko kabati la mama yangu. Nilikuwa na hamu nao. Wimbo wa kwanza mzuri, umekuja kama wingu. Wa pili nao wingu. Wa tatu nikaanza kuangalia saa.

Shida yao naieleza kidansi. Mlimani Park, hao hao Sikinde, magita ni mengi pia, lakini kila moja lina kiti chake, solo inakaa juu, solo ya pili inajibu, ridhimu iko katikati, besi inaongea kivyake chini, ukifumba macho unaweza kuyanyooshea kidole moja moja. Hawa magita matatu yote yamekaa kiti kimoja, yote yanapiga kodi (chords) zile zile, sehemu ile ile ya shingo ya gita, yote yamemwagiwa mwangwi, na ukiweka mwangwi juu ya mwangwi juu ya mwangwi unapata uji. Mwimbaji naye kamwagiwa mwangwi, anaimba nini hajulikani, pengine na yeye hajui. Fundi alijitahidi nilimwona anahangaika na vitufe ila fundi hawezi kupanga mziki ambao wenyewe hawakuupanga. Watu wanadhani kelele ni kuwasha kila kitu, wapi, kelele inataka mpangilio kuliko hata mziki laini, kwa sababu kwenye mziki laini kosa linasameheka, kwenye kelele likiingia linameza wenzake wote. Bendi ya pili walikuwa na nusu ya vifaa hivyo wakatikisa jengo.

Nilivyokuwa pale nikawa nawaza bendi ya WITCH ya Zambia, wale wa Zamrock, yaani roki ya Zambia ya miaka ya 70, mwimbaji wao Jagari na wenzie, fuzz ile ile, pedali ya wah ile ile, lakini gita linaongea na mdundo unachezeka. Walirudi kazini, wakatoa albamu ya Zango 2023 wakazunguka Ulaya, wakija London nyie wenye mashati ya maua nendeni mkae mbele mjifunze.

Mshkaji wangu alitoka nje wimbo wa nne wa hao jamaa, nikamkuta anaongea na mpiga ridhimu wa bendi ya pili, amemnunulia bia, anamweleza habari za gambusi. Kijana anasikiliza kwa heshima zote. Ndo raha ya sehemu ndogo, aliyekuwa stejini saa mbili zilizopita sasa kasimama na wewe kwenye foleni ya choo. Tisheti na kaseti anauza mwenyewe mezani, ndiyo kaseti, zimerudi, nilinunua moja na sina hata cha kuichezea.

Kuhusu hela: kiingilio cha usiku kama huu sehemu kama hii ni pesa ya chakula cha mchana cha London, bendi nne, ukilinganisha na kumbi kubwa ambako unalipa hela ya wiki kumwona mtu mdogo kama sisimizi (samahani kwa wadogo), ni bure kabisa. Na kunywa bia mle ndani ni sadaka, kwa sababu sehemu hizi zinakufa, Music Venue Trust, shirika linalotetea kumbi ndogo za mziki, walihesabu 125 zilizofungwa au kuacha shoo Uingereza mwaka 2023 peke yake. Kaunta ndo inawalipia drams.

Mambo ya kujua kabla hujaenda: viti vya kutosha hakuna, vaa viatu vya kusimama. Koti zito liache nyumbani hata kama ni Januari, watu wakishajaa unatoka jasho. Tiketi nunua mapema ikiwa kuna jina lolote kubwa kwa sababu watu 150 wanaisha haraka. Ijumaa na Jumamosi treni za laini ya Victoria zinakimbia usiku kucha, kwa hiyo huna haja ya kuondoka mbio kama Cinderella. Kula Brixton sokoni kabla ya kupandisha, kuna vyakula vya Kikaribi pale, ndizi za kukaanga na mchuzi wa mbuzi, mshkaji wa Mombasa alisema mbuzi anahitaji ndimu ila alimaliza sahani.

Nyota nne. Fundi mitambo peke yake ningempa tano. Wakiwapanga tena bendi ya pili na ya tatu usiku mmoja mi nipo, nitasimama nyuma na wale wazee, na yule wa mwisho akianza kupanga ubao wake wa pedali nitakuwa nishadandia 159.